Jana ya Mzee Nukta

Hakuna aliyekumbuka nani alikuwa wa kwanza kumwita Mama Jana, lakini jina lilimkaa sawasawa, na mwenyewe alilipenda kuliko lile lililoandikwa kwenye cheti kilichotundikwa ukutani nyuma yake. Alikuwa mfamasia. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ile ile ya kioo, katika duka lile lile la dawa lenye mlango wa bluu, kati ya saluni na fundi redio, na katika miaka yote hiyo alikuwa na swali moja aliloliuliza mpaka mtaa mzima ukalijua kwa moyo.

Wafamasia wengine wakishakukabidhi dawa hukuuliza kama umeelewa. Unajibu ndiyo, unachukua mfuko wako, unakwenda zako. Mama Jana hakuwa na imani hata chembe na neno ndiyo. Alisema ndiyo ya mgonjwa ni adabu tu, ni namna ya kuomba ruhusa ya kuondoka. Kwa hiyo yeye, mgonjwa akija kuchukua dawa za mwezi wa pili, aliziweka dawa upande wake wa kaunta, akaziwekea mkono juu, akasema, "Hebu nisimulie jana. Tangu ulipoamka mpaka ulipolala, dawa ulizitumiaje?"

Siyo kila siku. Jana. Alikuwa na sababu yake. Mtu ukimuuliza habari za kila siku hukujibu vile anavyotamani kuwa, maana kila siku ni kubwa, ina nafasi ya kujipamba. Jana ni moja, ndogo, na ina ushahidi.

Kwa swali hilo aligundua kuwa dereva mmoja wa lori, mtu wa mabega mapana na sauti ya kugomba, jana yake nzima haikuwa na kidonge hata kimoja cha presha. Alipoulizwa kulikoni alisema jana presha haikupanda, sasa ameze cha nini. Na alijuaje kuwa haikupanda? Shingo haikumuuma. Mama Jana alimkalisha nusu saa nzima. Dereva yule leo presha yake imetulia, lori bado analo, na akipita hupiga honi mbili mpaka fundi redio anatukana. Kulikuwa pia na mama mmoja kijana aliyeandikiwa mwanawe dawa ya maji, kijiko kimoja cha chai asubuhi na jioni. Kwenye jana yake dawa ilikuwa ikikorogwa ndani ya chai ya moto. Si imeandikwa chai? Mama Jana hakucheka. Alicheka baadaye, baada ya kufunga duka, na hata hapo alijiziba mdomo kwa aibu ya kumcheka mtu aliyesoma kilichoandikwa.

Hakuwa mtu wa kujipiga kifua mbele za watu. Lakini tuseme ukweli, moyoni alijivunia kaunta yake mno. Aliwajua watu wake kwa dawa zao na dawa zao kwa watu wao. Alinunua benchi la mbao, akaliweka pembeni ya kaunta chini ya feni, ili jana zisimuliwe kwa kukaa. Daktari mmoja wa zahanati ya karibu aliwahi kumwambia kuwa wagonjwa wanaochukua dawa dukani kwake hurudi zahanati wakiwa na nafuu, wakati wengine wenye dawa zile zile hurudi na malalamiko. Maneno hayo aliyatunza kama mtu anavyotunza picha ya harusi, akawa anayatoa mara moja moja kuyatazama.

Mtu mmoja tu hakuvutiwa na benchi lile, naye alikuwa binti yake wa pekee. Binti alifuata nyayo, akasoma famasia, akaajiriwa hospitali kubwa, akapewa dirisha lenye kitundu cha kupitishia mkono na foleni inayoanzia kwenye kitundu hicho na kuishia karibu na geti. Watu mia mbili kabla ya saa saba mchana. Alipokuja kumsalimia mama yake na kukuta watu watatu benchini wanasimulia, alichoka yeye kwa niaba yao.

"Mama, mimi dirishani nikimwambia kila mtu anisimulie jana," alisema, "wa mwisho kwenye foleni atanisimulia ya mwezi ujao."

Mama alijibu kuwa dawa isiyotumika vizuri ni mzigo tu wa mfukoni. Binti akajibu kuwa lebo zipo, watu wanajua kusoma. Hapo mazungumzo yalikuwa yakifika kila mara, na hapo yakawa yanalala.

Sasa, miongoni mwa wateja wa Mama Jana alikuwapo mzee mmoja ambaye mtaa ulimwita Mzee Nukta. Maisha yake yote alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji: kitabu hakikuingia mtamboni mpaka yeye amekipitia neno kwa neno kwa kalamu nyekundu. Alishastaafu, lakini kiwanda kilikuwa bado kikimletea kazi nyumbani, na kazi aliyokuwa nayo mwaka huo ilikuwa kubwa kuliko zote: kamusi ya wanafunzi wa shule za msingi. Alikuwa ameianza kwenye A, na alishaapa kuimaliza kwenye Z. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na hakuweza kupita mbele ya tangazo lenye kosa bila kusimama. Wengine walimwita Mama Jana dokta, naye hakuwakatalia. Mzee Nukta peke yake alimwita Mfamasia, kwa sababu ndilo neno lenyewe.

Matangazo ya duka la dawa aliyapitia yote. Mama Jana akiandika karatasi ya kubandika, kesho yake mzee alikuwa ameshaitia wino: hapa herufi imezidi, hapa imepungua, hapa nukta. Mwanzoni mfamasia alikereka. Kisha akaanza kumwogopa, vile mtu mzima anavyomwogopa mwalimu wake wa zamani. Kisha, bila kujua lini, akaanza kuandika kwa bidii ili siku moja apitwe bila wino.

Na siku hiyo ilifika. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya mambo haya, baada ya mteja mmoja mnene kuilalia kaunta kwa kiwiko na kuipasua. Mama Jana alibadilisha vioo vyote, akachukua karatasi ngumu na kalamu nene, akaandika kwa herufi kubwa: TAFADHALI USIEGEMEE VYOO. Akaibandika juu ya kaunta, palepale macho yanapoangukia. Mzee Nukta alikuja, akachukua matone yake, akaondoka. Hakusema kitu. Alikuja tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Hakusema kitu. Watoto wa shule waliokuja kununulia nyumbani bandeji walikuwa wakitoka wanachekeana, lakini watoto ndivyo walivyo. Mama Jana kila alipoitazama ile karatasi isiyo na doa jekundu alijisikia amefuzu.

Matone yenyewe yalikuwa ya presha ya macho. Ugonjwa huo hauumi na hauwashi, kazi yake ni kuyala macho kimyakimya kuanzia pembeni. Kwa Mzee Nukta ulikuwa umeshaanza kula jicho la kushoto. Alikuwa anatumia dawa kwa miezi kumi na saba, na kila alipokwenda kliniki saa mbili asubuhi kupimwa, kipimo kilikuwa juu: ishirini na saba, ishirini na nane, mara ya mwisho ishirini na tisa. Daktari wa macho alimuuliza kila safari kama anatumia dawa kama alivyoelekezwa, na mzee, ambaye hajawahi kusema uongo hata juu ya mkato, alijibu ndiyo. Basi daktari akaongeza kichupa cha pili. Kipimo hakikushuka. Sasa alikuwa amempangia upasuaji baada ya wiki nne, na hakumficha kuwa upasuaji huo una hatari zake kwa jicho lililoanza kuchoka. Mzee Nukta alimwambia Mama Jana habari hiyo akiwa amesimama wima, kwa sauti ya kawaida. Alisema amefika herufi ya M. Alisema angependa aifikie Z kabla ya kisu, kwa sababu baada ya kisu hajui.

Mama Jana siku hiyo hakulala vizuri. Alijua dawa zile, alijua nguvu zake, na hakuelewa kwa nini hazishiki. Lakini hakumuuliza jana. Katika watu wote waliopita kwenye kaunta ile, huyu peke yake hakuwahi kuulizwa. Mtu anayesahihisha kamusi, utamuuliza nini kuhusu lebo ya maneno sita? Tena atakusahihisha swali lenyewe.

Siku chache baadaye Mama Jana aliteleza bafuni, akauumiza mkono wa kulia. Mfupa haukuvunjika, lakini mshipa ukavimba, akafungwa bandeji mpaka kwenye vidole. Binti, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza likizo ya mwezi mmoja, akaja kumshikia duka. Mama alikubali kwa sharti moja: kwenye kaunta hii dawa ya kuendelea haitoki bila jana. Ya kila mtu. Binti alivuta pumzi ndefu, akavaa koti jeupe la mama yake lililompwaya mabegani, akasema sawa. Macho yake yalipofika kwenye tangazo la juu ya kaunta aliguna, akageukia rafu za dawa za kikohozi, mabega yakamtikisika. Mama akauliza kulikoni. Akasema hakuna, amekumbuka kitu tu.

Kwa hiyo asubuhi Mzee Nukta alipoingia kuchukua matone yake, Mama Jana alikuwa amekaa benchini upande wa wagonjwa, mkono kifuani, anatazama duka lake kutoka mahali ambapo hakuwa amewahi kukaa. Binti alimwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, akachukua vichupa, akaviwekea mkono juu.

"Huyo usimsumbue," Mama Jana alisema haraka kutoka benchini. "Mpe tu dawa zake."

"Mama, si ulisema kila mtu?" Binti hakugeuka. Alikuwa na ukaidi ambao mama yake aliujua vizuri, maana ni wake mwenyewe. "Babu, hebu tusimulie jana. Tangu ulipoamka mpaka ulipolala, matone uliyatiaje?"

Mama Jana aliinamisha kichwa, akangoja kusahihishwa. Lakini Mzee Nukta hakusahihisha kitu. Alivuta pumzi, akaikunja miwani yake taratibu, akaanza kusimulia kama mtu aliyekuwa ameiandaa habari hiyo siku nyingi.

Aliamka saa kumi na moja alfajiri, alisema, akanawa, akaketi mezani. Matone hakuyatia kwanza, kwa sababu humtia ukungu machoni kwa muda, na mwanga wa asubuhi ndio mzuri wa kazi. Alifanya kazi mpaka saa nne. Saa nne kamili akatia tone moja kila jicho, akafumba macho dakika tano na kubana pembe za ndani kwa kidole, kama Mfamasia alivyomfundisha. Kisha kichupa cha pili vilevile. Mchana akala, akasoma kurasa nyingine nane. Saa tisa alasiri akatia tena, vichupa vyote viwili. Kisha akasikiliza taarifa ya habari, akala, akalala saa tatu.

"Na usiku?" binti aliuliza.

"Usiku nini?"

"Matone, babu."

Mzee Nukta alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mjukuu wangu, imeandikwa kutwa mara mbili. Usiku si kutwa."

Mama Jana aliinua kichwa. Mzee aliendelea, kwa upole, maana aliona hawajaelewa. Neno hilo alilisahihisha mwenyewe, kwenye K. Kutwa ni muda wote wa mchana, tangu jua linapochomoza mpaka linapotua. Usiku una neno lake, kucha. Ndiyo maana watu husema usiku kucha na mchana kutwa. Kama walitaka atie usiku wangeandika hivyo. Yeye alichagua saa nne na saa tisa kwa sababu zote mbili zimo ndani ya kutwa na haziingiliani na kazi.

Alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomkata Mama Jana maini. Wafamasia wote aliowajua waliandika kutwa mara mbili, kutwa mara tatu. Aliikuta lebo hiyo, akaifuata, na katika miaka ishirini na sita hakuwahi kulitazama neno lenyewe usoni. Alihesabu kwa vidole vya mkono mzima. Tangu saa tisa alasiri mpaka saa nne asubuhi ni saa kumi na tisa. Kila siku macho yale yalikaa saa kumi na tisa bila dawa, na daktari alikuwa akiyapima saa mbili asubuhi, karibu na mwisho wa ukame huo. Halafu anaongeza dawa, nayo inatiwa saa nne na saa tisa vilevile.

Akakumbuka na mengine. Ni watu wangapi benchini pale aliwahi kuwaambia, hapana, cha pili kimeze jioni, siyo mchana? Wengi. Aliwarekebisha mmoja mmoja, akafurahi, akajisifu moyoni, kisha akamwandikia anayefuata neno lile lile. Benchi lilikuwa likizoa maji ambayo mkono wake mwenyewe ulikuwa ukiyamwaga.

Aliinuka, akaenda akasimama mbele ya mzee. Angeweza kusema kumetokea kutoelewana kidogo. Watu husema hivyo. Yeye hakusema hivyo.

"Mzee wangu, wewe umesoma sawasawa," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Dawa hii inatakiwa kila baada ya saa kumi na mbili, usiku na mchana. Miezi kumi na saba nimekuandikia vibaya kwa mkono huu, na sikukuuliza."

Mzee Nukta alikichukua kichupa, akakisogeza karibu na jicho la kulia, akaisoma lebo upya.

"Jicho la kushoto," alisema hatimaye. "Kilichopotea kitarudi?"

"Hakirudi," Mama Jana alisema. "Kilichobaki ndicho tunachoweza kukitetea."

Binti alikuwa ameshaandika lebo mpya: saa moja asubuhi, saa moja usiku. Mzee aliipokea, akaisoma mara mbili, akaitia mfukoni pamoja na vichupa, akatoka bila kuaga. Mtu ambaye hajawahi kuacha salamu hata ya barua. Mama Jana alirudi benchini akakaa, machozi yakamtoka, na hakuyafuta kwa sababu mkono wa kuyafutia ulikuwa kwenye bandeji na wa pili ulikuwa umeshikwa na binti yake.

Mchana ule ule alimpigia simu daktari wa macho. Alimweleza yote, hakujiremba, akataja neno lenyewe. Daktari akakiri kuwa na yeye huliandika. Akasema upasuaji ungoje. Baada ya wiki tatu atampima tena, na kama kipimo hakijashuka, kisu kitabaki pale pale.

Wiki tatu hizo zilikuwa ndefu. Mzee Nukta hakupita dukani. Mama Jana alimpigia simu siku ya kwanza saa moja usiku, ikaita mpaka ikakatika. Siku ya pili alimpigia, mzee akapokea, akasema, "Nimetia," akakata. Ikawa hivyo kila siku: neno moja, simu inakatwa. Mama Jana hakujua kama ni hasira au ni utaratibu. Alipiga tu. Mchana, yeye na binti waliketi na rundo la bahasha za dawa zilizokwisha kupigwa muhuri wa zamani, wakalikata neno lile kwenye kila moja na kuandika saa. Siku ya tatu binti, huku akipuliza wino ukauke, alisema bila kuulizwa kuwa akirudi kazini ataanza na dirisha lake. Siyo jana ya watu mia mbili, hilo haliwezekani. Lakini jana ya wale wanaorudi na vipimo vibaya, hao lazima atawauliza. Mama alimtazama tu mtoto wake ndani ya lile koti, akaona kuwa halimpwayi kama alivyodhani.

Alhamisi ya wiki ya tatu, kabla ya saa sita, mlango wa bluu ulisukumwa na Mzee Nukta akaingia. Shati limefungwa mpaka shingoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaunta, akatoa karatasi ya kliniki mfukoni, akaikunjua, akailaza juu ya kioo na kuinyoosha kwa kiganja ili Mama Jana aisome bila kuigusa kwa ule mkono mbaya. Jicho la kulia kumi na sita. La kushoto kumi na saba. Chini yake daktari alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kukimbia: upasuaji umeahirishwa, aendelee na dawa kama anavyotumia sasa.

Mama Jana aliisoma, akairudia, akampa binti naye aisome. Kumi na sita na kumi na saba! Hakuna dawa mpya iliyoongezwa, hakuna kisu, ni saa tu zilizohamishwa.

Mzee Nukta alikaa benchini. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, alikifungua kile kifungo cha juu.

"Mfamasia," alisema, "nimekaa kwenye benchi hili miaka mingi, nikikusikia unawauliza wengine. Dereva, wauza mboga, watoto wadogo. Kila mtu na jana yake. Mimi hujaniuliza hata siku moja. Nikadhani jana yangu haikuhusu."

"Nilikuwa nakuogopa, mzee wangu."

"Mimi?"

"Kalamu yako."

Mzee alilitafakari jambo hilo. Lilionekana kumshangaza kuliko kipimo cha macho. Basi Mama Jana akavuta kiti kutoka nyuma ya kaunta, akakaa mbele yake goti kwa goti, akamwambia hebu nisimulie jana. Na mzee akasimulia yote, kuanzia alfajiri: alivyotia matone saa moja na kungoja ukungu utoke huku akinywa chai, alivyofika kurasa za mwanzo za N, alivyotia tena saa moja usiku simu ilipoita. Alisema ile simu hakupenda kuizungumzia sana kwa sababu alikuwa na tone jichoni na kidole pembeni ya pua, na mwenye kupiga ndiye aliyemfundisha asiongee wakati huo. Binti alicheka mpaka akaegemea rafu.

Alipomaliza, mzee aliivaa miwani yake, akainua uso, akatazama juu ya kaunta. Midomo ikamcheza.

"Mfamasia," alisema. "Nisaidie. Ni kwa sababu gani unawakataza wateja kuegemea vyoo?"

Mama Jana aligeuka kutazama. Mwaka mzima. Herufi kubwa, kalamu nene, palepale macho yanapoangukia. Aliwakumbuka watoto wa shule. Akamtazama binti yake, ambaye sasa alikuwa ameinama chini ya kaunta kabisa, haonekani, anasikika tu.

"Umeliona lini?" Mama Jana aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sasa hivi. Mwaka huu sikuwa nainua macho, Mfamasia. Nilisoma kazi yangu tu, karibu na pua. Ukutani sikuthubutu kutazama. Niliogopa nikitazama nitajua nimebakiwa na nini." Aliinua kidole, akakipitisha hewani chini ya mstari, tangu herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. "Lote lipo. Hata ile y."

Kisha akatoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati, akasimama, akanyoosha mkono juu, akaikata y kwa mstari mmoja uliosimama wima, akaandika i juu yake. Akarudi nyuma hatua moja kukagua. Akasogea tena, akaweka nukta mwishoni.

Karatasi hiyo haijabanduliwa mpaka leo. Mama Jana alikataa kuandika nyingine safi. Aliishusha tu kutoka juu ya kaunta, akaitundika ukutani karibu na cheti chake, wino mwekundu ukionekana tangu mlangoni, na kamusi ya shule ilipochapwa, kutoka A mpaka Z, nakala moja akaisimamisha chini yake. Wateja wapya huuliza hii ni nini. Yeye huwaonyesha benchi, anawaambia kaa kwanza, nisimulie jana yako, kisha na mimi nitakusimulia yangu.